Mkate Alioukata Mama

Mama yangu alikata mkate wa meza ya Bwana kwa zaidi ya miaka thelathini bila kuula. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya chakula cha mchana, alijifunga kitambaa safi kichwani, akachukua kisu chake mwenyewe kwa sababu visu vya kanisa vilikuwa butu na yeye hakuvumilia kisu butu, akatembea kutoka nyumba yetu ya kaunsili hapo Bondeni hadi kanisani. Kule nyuma, kwenye chumba cha kuweka vyombo, yeye na akina mama wengine wawili waliondoa maganda ya mkate, wakakata ile sehemu nyeupe vipande vidogo vya mraba, wakavipanga kwenye sinia na kuvifunika kwa kitambaa alichokifua na kukipiga pasi yeye. Maganda alituletea nyumbani, nasi watoto tukayachovya kwenye chai na kuyagombania. Kesho yake, sinia ilipopita kutoka benchi hadi benchi, mama aliipokea kwa mikono miwili kutoka kwa jirani wa kushoto na kumpa jirani wa kulia. Hakuchukua kipande. Hakuruhusiwa.

Kosa lake, kwa macho ya kanisa, lilikuwa jinsi alivyoolewa. Baba alitoka kwao magharibi akiwa kijana, akapata kazi ya kiwandani hapa Nakuru, akarudi nyumbani kutafuta mke na kumwoa kama baba yake na babu yake walivyooa. Ng'ombe sita walitoka boma moja wakaingia boma lingine. Wazee walikula, na babu mzaa mama akaushika mkono wa binti yake akauweka kwenye mkono wa baba. Mama alikuwa ameshabatizwa. Walipofika mjini na kwenda kujiandikisha kanisani, mchungaji wa wakati huo aliwaambia warudi na cheti, pete na tarehe ya harusi, na kwamba hayo mambo ya ng'ombe yalikuwa ya giza. Baba alikuwa mtu mpole, lakini ukimgusa pale penye wazazi wake alikuwa mkaidi kuliko punda wa mkokoteni. Alisema hawezi kumwoa mke mmoja mara mbili, akatoka, na hakukanyaga tena pale ndani. Mama akaambiwa anaweza kuja ibadani, kuimba, kufagia na kutoa sadaka, ila mezani hapana.

Sijui ni nani aliyeamua kwamba asiyeruhusiwa kula anaruhusiwa kukata. Nimepekua vitabu vya kumbukumbu za kanisa, maana baadaye vilikuja mikononi mwangu, na sikupata mstari hata mmoja. Nafikiri mama alikata vizuri tu, na watu wakazoea. Mimi mwenyewe nilizoea. Nilikuwa na miaka kumi na mitano nilipomaliza mafundisho na kukubaliwa mezani, na Jumapili hiyo nilikaa kando yake, nimevaa gauni jeupe la kuazima. Sinia ilifika kwake kwanza. Akaishika, akanigeukia, akaishikilia mbele yangu mpaka nikachukua, kisha akaipitisha. Nilitafuna nikiangalia viatu vyangu. Ningependa kusema kwamba niliona uchungu, lakini nakumbuka vizuri, na ukweli ni kwamba nilikuwa naringa. Nilitaka watu waone kwamba katika nyumba yetu mimi nimefika.

Nilisoma, nikawa mwalimu wa somo la dini. Wanafunzi wa kidato cha pili huwa nawafundisha habari za Wakristo wa kwanza, na kwa miaka mingi niliziandika ubaoni bila mimi mwenyewe kuzisikia. Walikutana nyumbani kwa watu. Walikula pamoja. Aliyekuwa na shamba aliliuza wakagawana. Mwenye nyumba, mara nyingi mwanamke, alifungua mlango wake na nyumba hiyo ikawa kanisa, na hapakuwa na joho wala benchi la mbele la wageni waheshimiwa. Mtumwa na tajiri wake walikaa chakula kimoja, au walijaribu. Nasema walijaribu kwa sababu sipendi kutia chumvi. Kule Yerusalemu wajane waliozungumza lugha ya kigeni walirukwa chakula kilipogawanywa, wakalalamika mpaka watu saba wakateuliwa kushughulikia jambo hilo. Katika mji mmoja wa bandari wenye mali walifika mapema, wakala, wakalewa, na vibarua walipotoka kazini wakakuta makombo. Mtume aliwaandikia barua ya kuwachapa vizuri. Hawakuwa malaika. Lakini ukiangalia ugomvi wao, kila mara ulikuwa kuhusu mtu aliyeachwa bila kula, na waliona aibu akiachwa. Hilo sikuwaambia wanafunzi, kwa kuwa haliulizwi kwenye mtihani.

Siku hizi naishi mtaa wa Free Area. Kwenye barabara yetu, kutoka duka la mihogo hadi mahali wanapouza makaa, nimehesabu makanisa matano ya mabati, na moja lilikuwa baa mpaka juzijuzi. Bado lina kaunta. Jumapili asubuhi spika tano zinazungumza na Mungu mmoja kwa wakati mmoja, kila moja ikijaribu kuizidi nyingine, na mtu akiwa mgonjwa humo nyumbani atajijua. Kuna nabii anayewauzia watu mafuta kwenye vichupa. Sisi wa kanisa la zamani tunawacheka sana hao. Tuna jengo la mawe, tuna kwaya yenye sare, tuna viti vya plastiki vyenye vitambaa kwa ajili ya mwanasiasa anayekuja akiwa amechelewa na kuondoka kabla ya mahubiri kwisha. Nikiwa darasani naweza kueleza tofauti zote kati ya haya na yale ya mwanzo, hoja kwa hoja, na kupata alama zote.

Wala sikukaa kando nikitazama. Nilichaguliwa mzee wa kanisa, mwanamke wa pili kuchaguliwa pale, na mwaka uliofuata nikapewa ukarani wa baraza la wazee kwa sababu nina mwandiko mzuri. Nilifurahi kupita kiasi. Nilinunua kalamu mpya. Wazee walikaa mbele, upande wa kulia wa mimbari, na ndio waliobeba sinia za mkate na kuzipeleka mabenchini. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi nilibeba mkate aliokata mama, nikaufikisha mpaka benchi la mama, nikausubiri upande wa pili.

Kanisa lilikuwa limeanza kuwafungisha ndoa wazee walioishi pamoja bila cheti. Jozi nane au kumi zilisimamishwa mbele siku moja, mabibi wenye magongo wakiwa na shela vichwani, na keki ikakatwa. Watu walilia kwa furaha. Mama alitaka. Hakusema, lakini niliona jinsi alivyouliza shela zile zilikodishwa wapi. Nikaenda kumkabili baba, nikiwa nimepiga moyo konde. Alikuwa amekaa mlangoni akisikiliza redio.

"Baba, ni dakika kumi tu," nikamwambia. "Mnasimama, mnasema ndiyo, mama anaanza kukula meza."

Alipunguza sauti ya redio. "Nitasema ndiyo kwa nini? Kwani yeye ni nani sasa hivi?"

"Ni mama. Lakini kanisa..."

"Babu yako mzaa mama alinipa mkono yake. Huyo pasta alikuwa wapi hiyo siku? Mimi nikienda kuoa leo, hiyo ni kusema hawa watoto wote nilizaa na malaya. Wewe pia."

Mama alikuwa ndani akipembua mchele, na sauti ya ungo ilinyamaza, kisha ikaendelea. Hakumlazimisha. Miaka mingi niliamini kwamba alinyamaza kwa kumwogopa. Sasa naona alikubaliana naye, na alitaka shela pia, na mambo hayo mawili aliyabeba pamoja bila kumsumbua mtu.

Baba alikufa kwa kifua. Alikohoa msimu mzima wa mvua, akadhoofika, akaondoka asubuhi moja mama akimnywesha uji. Kabla ya kumsafirisha kwenda kuzikwa kwao tuliomba mwili uingie kanisani kwa ibada fupi. Baraza lilikaa. Mimi nilitoka nje kwa kuwa jambo lilinihusu, kisha nikaitwa nirudi ndani kuandika uamuzi: ibada ifanyiwe nyumbani. Ikafanyiwa Bondeni chini ya hema la kukodi, kati ya kamba za nguo na bomba la maji, na mchungaji akaja na suti, bila joho. Aliomba vizuri. Mama alikaa karibu na jeneza akimfukuzia nzi kwa kitambaa, na hakumtazama mchungaji hata mara moja.

Miezi mitatu baadaye, mwisho wa kikao cha baraza, mchungaji alifunga Maandiko yake akatabasamu. Ni kijana, mpole, ana watoto wawili wadogo. "Mwalimu," akaniambia, "sasa kwa vile mzee amelala, mama yuko huru. Kizuizi kimeondoka. Tunaweza kumrudisha mezani mwisho wa mwezi huu." Wazee wakapiga makofi. Mimi nilitokwa na machozi ya furaha, na hata leo nikikumbuka machozi yale uso unanishuka. Haikunijia kabisa kwamba kizuizi kilichoondoka kilikuwa baba yangu.

Kuna fomu ya kurudishwa mezani. Ina sehemu ya jina, ya tarehe ya ubatizo, na sehemu ya sababu ya mshiriki kuwekwa kando. Karani ndiye anayeijaza. Niliijaza usiku huohuo nikiwa na haraka ya kumletea mama habari njema, na kwenye sababu nikaandika kama tunavyoandika siku zote: aliishi na mwanamume bila ndoa. Sikusita. Ni maneno niliyokuwa nimewaandikia wengine wengi, na mkono ulikuwa umeyazoea.

Mama aliniuliza swali moja tu nilipompelekea habari. "Nitaulizwa nini?"

"Mchungaji atauliza kama unatubu, unasema ndiyo. Basi."

"Natubu nini?"

"Ni maneno tu ya fomu, Mama. Kila mtu anasema."

Akauliza kama nimekula. Jumamosi alienda na kisu chake, akakata mkate kama kawaida. Nafikiri alikata akijua kwamba safari hii kipande kimoja ni chake, na wale wenzake wawili wananiambia alikuwa akiimba.

Jumapili alivaa gauni la buluu na sweta. Mchungaji alimwita mbele baada ya mahubiri, akamwambia ageuke awatazame watu. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu cha wazee, hatua nne hivi kutoka kwake. Akaanza kusoma ile fomu kwenye kipaza sauti, na ndipo nilipoyasikia maneno yangu kwa mara ya kwanza. Alisoma kwamba dada yetu huyu aliishi na mwanamume bila ndoa kwa miaka arobaini na moja, na kwamba kwa neema ya Mungu hali hiyo imekoma. Kisha akamuuliza kama anaitubu dhambi hiyo mbele za Mungu na mbele ya kanisa lake.

Mama hakujibu. Mchungaji akafikiri hakusikia, akarudia polepole, akasogeza kipaza sauti karibu na mdomo wake.

"Haikuwa mwanamume," mama akasema. "Ilikuwa bwana yangu."

Mchungaji akainama kumnong'oneza, nadhani alikuwa akimwambia aseme ndiyo tu tumalize. Mama akatikisa kichwa. "Siwezi kumkana na yuko mchangani," akasema, na sauti yake ilipita kwenye spika zote. "Nikimkana, huko atanipokea nani?"

Akashuka ngazi mbili za madhabahu akishikilia ukuta, akapita katikati ya mabenchi, akatoka.

Sasa nitasema nililofanya, na nitalisema bila kuzunguka. Nilibaki nimekaa. Nilisikia mchungaji akisema tumwombee dada yetu, nikafumba macho na wengine. Wakati wa meza ulipofika wazee tuliinuka, nami nikainuka, nikachukua sinia yangu. Nilipita benchi baada ya benchi. Mkono haukunitetemeka. Na zamu ya wazee ilipofika nilichukua kipande, mkate aliokata mama jana yake, nikakila, nikaimba na wenzangu. Nilijiambia kwamba nikitoka nitaleta aibu juu ya aibu, kwamba nitaenda kumwona mchana, kwamba kazi ya Mungu haiachwi katikati. Nilikuwa mwoga. Hakuna sababu nyingine, na nimeitafuta.

Nilipofika Bondeni mchana nilimkuta akichambua sukuma wiki. Hakunigombeza, na hilo lilinikata maini kuliko matusi. Alinipa kiti, akanipa chai. Tulizungumza juu ya bomba lililopasuka. Mwisho wa mwezi uliofuata hakwenda kukata mkate, na kanisa likaanza kununua ule uliokatwa tayari na mashine, vipande vya kuvunjwavunjwa kwa mkono. Hakuna aliyelalamika.

Katika miezi hiyo wazee tulikwenda Nairobi kwa semina, na wakati wa kurudi gari letu lilisimama Mai Mahiu ili watu wanunue viazi. Kando ya malori, chini ya kibanda cha karatasi za nailoni, nilimwona mhubiri wa barabarani akila na madereva wawili. Hakuwa na spika. Walikuwa na sahani moja ya ugali na matumbo katikati yao, na yeye alikuwa akiwaeleza habari za wokovu huku akitafuna, akimsukumia dereva mmoja kipande kikubwa cha nyama. Nilisimama nikamtazama kama mjinga. Nilifikiri, hivi ndivyo, hivi ndivyo walivyokuwa. Nikamsogelea kumsalimu. Akaniuliza, "Mathe, uko kanisa gani?" Nilipomtajia aliacha kutafuna, akanieleza mbele ya madereva kwamba sisi wa kanisa hilo wote ni kuni za moto wa jehanamu. Nikarudi garini na viazi vyangu.

Nyumbani kwa mama, wakati huo, kulikuwa kumeanza jambo. Kila Alhamisi alasiri wanawake watano au sita walikusanyika kwenye chumba chake. Mmoja aliuza mboga kwenye kona, mmoja alifulia watu nguo, mmoja alikuwa akiuza pombe na hakuficha, na wengine walikuwa mama waliozalia nyumbani, waliowekwa kando kama yeye. Aliyejua kusoma alisoma. Waliimba. Kisha kila mtu alitoa alichokuja nacho, viazi vitamu, omena, mkate nusu, na mama akaombea chakula wakala. Niliyajua hayo kutoka kwa majirani. Sikwenda, kwa kuwa niliona aibu kuingia mlango ule. Halafu habari zikafika kwenye baraza, na mzee mmoja akauliza kama inafaa watu wasio na kibali kumega mkate nyumbani kwa mtu. Baraza likaamua kuwaonya washiriki wetu wasihudhurie. Karani aliandika. Karani ni mimi, na nimekwisha kusema nina mwandiko mzuri.

Ningependa kundi lile lidumu, angalau litusute. Halikudumu. Muuza mboga na mfua nguo waligombana juu ya nani analeta sukari kila wiki na nani anakuja mikono mitupu. Mmoja alihamia kwa bintiye, na wawili walivutwa na yule nabii wa mafuta, huku kwetu Free Area. Mama alipoanza kuugua walikuwa wamebaki yeye na yule muuza pombe, ambaye aliendelea kuja kila Alhamisi, akikaa pembeni ya kitanda na kikombe cha chai. Sijawahi kujua kama alikuwa anaamini lolote.

Ilikuwa sukari. Ilianza na kidonda cha mguu, ikafika kwenye figo, na hospitali ikaturudishia mama nyumbani kwa maneno ya upole ambayo tuliyaelewa. Nilianza kulala Bondeni. Na nikiwa pale, nikimgeuza na kumwosha, nilishikwa na wazo moja likakataa kuniachia: mama asife bila kula. Nililia juu ya wazo hilo, nikafunga kwa ajili yake. Kila nilichokosea kilikuwa kimejikusanya pale.

Nikamwendea mchungaji ofisini kwake. Nilimwomba aje na kile kisanduku chake kidogo cha wagonjwa, chenye vikombe na mkate, ampe mama bila swali.

"Mwalimu, unajua siwezi," akasema. "Hata kwa kitanda lazima aulizwe."

"Wale wa kwanza hawakuuliza, Pasta. Walikula tu, nyumba kwa nyumba."

"Wale wa kwanza hawakuwa na katiba."

Hakusema kwa dharau. Alisugua paji la uso, akaniambia kwamba akivunja utaratibu kuna walio juu yake watakaomwita, na ana watoto wawili shuleni. Nikaona kwamba ananiogopesha kwa sababu anafanana nami. Aliniomba nimsalimie mama, nami nikamshukuru.

Basi Alhamisi hiyo nilinunua mkate mzima, ule usiokatwa, na chupa ya maji ya zabibu. Niliondoa maganda mwenyewe, vibaya, nikaharibu nusu. Nilikata vipande, nikaviweka kwenye sahani ya bati na kuvifunika kwa kitambaa kipya. Muuza pombe alinipisha kwenye stuli, akatoka nje kutuachia nafasi. Mzee wa kanisa anayefanya hivyo anaondolewa, na kwa mara ya kwanza sikujali.

Nitasema mapema ili mtu asisome akitumaini: hakuula. Alikufa Jumatatu iliyofuata, asubuhi, na kanisa likafanya ibada nje ya nyumba.

Lakini Alhamisi hiyo alikuwa macho na akili yake timamu. Aliiangalia sahani, akaniangalia mimi.

"Umetumwa?"

"Sijatumwa, Mama. Nimekuja mwenyewe."

"Na wakijua?"

"Wajue."

"Sasa wewe ndiyo pasta?"

"Zamani mwenye nyumba ndiye alikuwa anamega," nikamwambia. "Hii ni nyumba yako. Ukitaka, mega wewe."

Nilichukua kipande nikakisogeza karibu na midomo yake. Hakufungua mdomo. Alikishika kiganja changu kwa vidole vyake vilivyovimba, akakishusha polepole mpaka kikalala juu ya blanketi, na hakukiachilia.

"Hiyo siku," akasema, "uliniona nikitoka?"

"Nilikuona."

"Sikuenda nyumbani. Nilisimama huko nje, hapo kwa tangi ya maji. Jua ilikuwa kali. Nikajua mtoto wangu anakuja. Nikasema labda anatafuta mkoba yake, saa hii atatoka."

Nikakitazama kile kipande kiganjani mwangu.

"Kuna mama alipita akaniuliza nangoja nani, nikamwambia nangoja wewe," akasema. "Nikangoja mpaka nikasikia mnaimba ile ya meza. Hapo nikajua umekula. Nikaenda."